Kweli au Si Kweli: Basi la Dizeli Likikosa Nguvu Kisangani

"Pampu imekufa, papa." Kauli hiyo hutamkwa haraka mno katika gereji za Kisangani. Ikishatamkwa, mwenye basi dogo huanza kukopa ili aagize pampu iliyokwishatumika kutoka Kampala au Dubai, na gari hulala likiisubiri. Pampu inafika, inafungwa, na gari linabaki vilevile: linakohoa likipandisha, halivuti likipakia. Filta iliyoziba ilikuwa mahali pake tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyeigusa.

Hilo linaniuma, kwa sababu basi linalokwama kati ya Bafwasende na Nia-Nia linakwama na wagonjwa, wafanyabiashara na watoto ndani yake, msituni, mbali na kipuri chochote. Ubovu mwingi wa namna hiyo ungegunduliwa kabla ya safari kwa vifaa vichache na akili iliyotulia. Kinachozuia ni imani zinazopokezanwa kati ya madereva na mafundi, nyingine za kweli, nyingine zilizorithiwa kutoka kwenye magari ya esanse (petroli), nyingine za hatari. Nazipitia hapa, kila dai na hukumu yake. Nazungumzia hasa Toyota HiAce zenye injini za 2L, 3L na 5L, pamoja na zile mpya za D-4D zenye kompyuta.

"Injini inamisi kwa sababu plagi zimechoka."
SI KWELI.

Injini ya esanse huwasha mafuta kwa cheche ya plagi; plagi ikifa, silinda yake hunyamaza. Dizeli haina cheche. Pistoni huibana hewa tupu, na katika 2L uwiano wa kubana ni takriban 22 kwa 1. Hewa iliyobanwa kiasi hicho hupanda joto kupita nyuzi 500 za Selsiasi, na nozeli ikinyunyiza mafuta humo yanawaka yenyewe. Rudolf Diesel alipewa hataza ya wazo hilo Ujerumani mwaka 1893, na kanuni ni ileile hadi leo.

Plagi zilizomo kwenye dizeli ni za kupasha joto tu, ili injini iwake asubuhi ikiwa baridi. Moja ikifa, gari litatetemeka kwa muda mfupi na kutoa moshi mweupe, kisha litatulia. Lakini injini inayomisi saa sita mchana, ikiwa na joto lake lote, haiponi kwa plagi mpya. Silinda iliyonyamaza wakati huo imekosa mgandamizo, au imekosa mafuta, au mafuta yanaingia kwa wakati usio wake.

"Nguvu ikipungua, pampu imekufa."
NI KWELI MARA CHACHE.

Hapa nakaa zaidi, maana hapa ndipo fedha za watu zinapopotelea.

Pampu ya nozeli hupokea mafuta mwisho wa njia ndefu. Yanatoka tangini kupitia chujio la bomba la kunyonyea, yanapita bomba la chuma chini ya gari, mipira, filta yenye kitenga maji, ndipo yanafika kwenye pampu. Katika 2L na ndugu zake, njia yote hiyo hunyonywa na pampu yenyewe. Maana yake ni kubwa: mpira uliopasuka kati ya tangi na pampu hauvujishi mafuta wakati injini inazunguka. Unavuta hewa ndani. Fundi anainama chini ya gari, haoni tone, anahitimisha kwamba mabomba ni mazima, na lawama inaiangukia pampu.

Dalili ya injini yenye njaa ya mafuta inajulikana. Gari huwaka vizuri na husimama vizuri likiwa tupu, kwa sababu injini isiyo na mzigo hutumia mafuta kidogo mno, na hata filta iliyoziba nusu huyapitisha. Likishapakia na kuanza kupandisha, mahitaji yanaongezeka mara nyingi, njia haitoshelezi, na gari linakata pumzi. Dereva akiachia mafuta na kutulia kidogo, nguvu inarudi, kisha inapotea tena. Ukiona mwenendo huo, usifungue pampu.

Anza na kifuniko cha tangi. Kina tundu dogo la kuingiza hewa badala ya mafuta yanayotoka, na tope la barabara ya Lubutu linaweza kuliziba kabisa. Gari likizimika baada ya nusu saa ya mwendo, legeza kifuniko na usikilize. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu na gari likapona, umemaliza kazi bila kutoa hata faranga moja.

Pili, tafuta kipande cha mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, ukifunge kati ya filta na pampu, halafu washa injini. Mafuta yapite yakiwa yamejaa, safi. Mapovu yakipita mfululizo, kuna mahali hewa inaingia: mpira mkavu, kibanio kilicholegea, gasketi ya filta iliyokunjwa, au pampu ya mkono iliyo juu ya filta ambayo utando wake umepasuka.

Tatu, na hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, ni jerikeni. Jaza jerikeni dizeli safi iliyotulia, iimarishe mahali pa juu pasipo na joto, kisha peleka humo mpira wa kunyonya na mpira wa kurudisha, filta ikiwa mpya. Tangi la gari na mabomba yake yote yamewekwa kando. Pakia mzigo, panda mlima mfupi. Nguvu ikirudi, pampu haina hatia, na ubovu uko nyuma: tangi lenye uchafu, chujio lililozibwa, bomba lililobonyezwa na jiwe. Kipimo hiki hakichukui hata nusu siku na hakihitaji kipuri.

Hata jerikeni ikishindwa, bado pana swali la mkanda wa taiming. Katika 2L, 3L na 5L mkanda huo unazungusha kemshafti na pampu pamoja. Ukiruka jino moja upande wa pampu, mafuta yatachelewa au kuwahi, na injini itatoa moshi, itagonga na kukosa nguvu, huku pampu ikiwa nzima kabisa. Toyota iliweka taa ya T-BELT kwenye dashibodi za magari yake mengi ya dizeli ili mkanda usisahaulike; madereva wengi huitoa balbu.

Ni lini basi pampu ina hatia kweli? Dalili moja ya wazi ni gari linalowaka vizuri asubuhi na kugoma likiwa na moto. Mafuta yakipata joto huwa mepesi, na pampu iliyolika ndani haiyashiki tena. Ukiifunika kwa kitambaa chenye maji ya baridi, ukangoja kidogo na gari likawaka, hapo tafuta fedha za pampu.

"Mafuta ya Kadhafi ndiyo yanayoua injini; ya kituoni ni salama."
NUSU KWELI.

Kadhafi, yaani wauzaji wa mafuta wa kando ya barabara, ni kiungo cha mwisho cha mnyororo mrefu. Kisangani iko mwisho wa njia mbili. Mafuta ya Kinshasa hupanda mto zaidi ya kilomita 1,700 hadi bandarini. Yale yanayotoka Mombasa huvuka Kenya na Uganda, huingia Kongo, kisha hupita Mambasa na Nia-Nia mpaka hapa, zaidi ya kilomita 2,000. Yanapohamishwa kutoka tangi kwenda pipa, kutoka pipa kwenda bidoni, kutoka bidoni kwenda chupa, kila kifuniko kinachofunguliwa ni nafasi ya mchanga na mvua kuingia.

Na mvua Kisangani hainyeshi kwa msimu mmoja; hakuna mwezi usio na mvua. Pipa lililosimamishwa wima nje hukusanya maji juu ya kifuniko chake. Mchana jua hulipasha na hewa ya ndani hutanuka. Mvua ikilipiga hupoa ghafla, hewa husinyaa, na pipa hunyonya yale maji kupitia nyuzi za kifuniko hata kama kimekazwa. Pipa hilo laweza kuwa la Kadhafi, la kampuni ya ujenzi, la shirika au la kituo. Pipa la dizeli lilazwe ubavu, au liinamishwe ili maji yasikae juu ya kifuniko.

Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hukaa chini kabisa, pale pale bomba linaponyonya. Pampu na nozeli hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake, hazina oili nyingine. Maji yakipita huzitia kutu na kukwaruza chuma kilichosuguliwa kwa usahihi mkubwa. Mahali maji na dizeli vinapokutana huzaliwa pia vijidudu, na ute wao mweusi huziba filta mpya ndani ya muda mfupi. Mtu akibadilisha filta kila mara na bado zinaziba, asafishe tangi.

Kipimo chake ni chupa ya kioo. Jaza mafuta unayotaka kununua, iache itulie, tazama chini. Ukiona mstari na maji chini yake, yaache. Ukiona mafuta yana ukungu, yaache pia. Kuchuja kwa kitambaa kunazuia mchanga lakini hakuzuii maji. Na chini ya filta ya HiAce pana koki ndogo: ilegeze, piga pampu ya mkono mpaka yatoke mafuta matupu, kisha ikaze kwa vidole. Ifanye kila wiki, na kila baada ya kujaza mafuta usiyoyaamini.

"Changanya esanse kidogo, nozeli zitajisafisha na gari litapata nguvu."
SI KWELI.

Esanse haina ulainishaji wa dizeli, na inawaka kwa tabia tofauti: dizeli hutakiwa kuwaka yenyewe upesi inapobanwa, esanse imetengenezwa isiwake hivyo. Ukiichanganya, mafuta huchelewa kushika moto kisha hulipuka kwa pigo moja, na ndiyo ile sauti kali ya kugonga ambayo dereva huidhania nguvu. Wakati huohuo pampu inasaga chuma kwa chuma. Mafuta ya taa nayo ni membamba na yanalainisha kidogo. Vitabu vya zamani vya magari ya Ulaya viliruhusu michanganyiko kama hiyo kwa sababu ya majira ya baridi, dizeli inapoganda nta. Hakuna usiku wa namna hiyo Kisangani.

Kumwagia esanse kwenye mdomo wa hewa ili injini iwake asubuhi ni kosa la jamaa moja na hilo. Plagi za kupasha zikiwa nyekundu, moto hurudi nyuma.

"Mafuta ya mawese yanaweza kuendesha dizeli."
KWELI, ila si kwa namna yanavyomiminwa.

Dai hili lina historia ya heshima, na sehemu yake ni ya kwetu. Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini ndogo ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Rudolf Diesel alieleza baadaye kwamba serikali ya Ufaransa ilikuwa na makoloni ya Afrika akilini. Ubelgiji ilikuwa na mawese ya Kongo, na kuanzia 1933 taasisi ya utafiti ya INEAC ikafanya Yangambi, hapa Tshopo, kuwa kituo chake kikuu, na michikichi ikawa miongoni mwa mazao yaliyochunguzwa zaidi. Tarehe 31 Agosti 1937, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Brussels aitwaye Chavanne alipewa hataza ya Ubelgiji ya kutumia mafuta ya mimea kama mafuta ya injini, na mwaka 1938 basi la abiria lilisafiri kati ya Brussels na Louvain kwa mafuta yaliyotokana na mawese.

Lakini Chavanne hakumimina mawese tangini. Aliyapika na kileo pamoja na kichocheo cha kemikali mpaka yakageuka kuwa kimiminika chepesi, na kisehemu kizito kikatengwa. Hiyo ndiyo tofauti yote. Mawese ghafi ni mazito zaidi ya mara kumi kuliko dizeli. Nozeli haiwezi kuyavunja kuwa ukungu. Inayarusha kama michirizi, nayo huungua nusu, yakiacha masizi kwenye ncha ya nozeli na kugandisha ringi za pistoni. Kukipoa usiku huanza kuganda ndani ya filta. Dereva aliyeishiwa mafuta kilomita nyingi kutoka mjini akajaza mawese pengine atafika. Nozeli zake zitalipa.

Ni huzuni kwamba jimbo lenye mashamba ya Lokutu na maabara ya Yangambi linasubiri dizeli kutoka Mombasa, wakati hesabu ya jambo hili iliandikwa kabla ya vita vya pili vya dunia.

"Moshi mweusi maana yake nozeli mbovu."
NUSU KWELI.

Moshi mweusi maana yake mafuta yamezidi hewa. Nozeli inayotiririsha inaweza kuwa sababu, lakini filta ya hewa iliyojaa vumbi jekundu inatoa moshi uleule, na mpira wa turbo uliopasuka unatoa moshi uleule pamoja na mluzi. Ekzosi iliyobonyezwa na kisiki nayo ni hivyohivyo. Kuna pia skrubu ya kiasi cha mafuta kwenye pampu, ambayo mafundi wengine huifungua ili gari "liwe na hasira". Linapata hasira kwa muda, joto la ekzosi linapanda, na silinda hedi, ambayo kwenye 2L si imara sana dhidi ya joto, inapata ufa.

Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe unaowasha macho na kunuka dizeli ghafi, injini ikiwa na moto, ni silinda inayopokea mafuta bila kuyachoma. Moshi mweupe mwingine ni mvuke wa maji ya kupoza yanayopenya kwenye gasketi. Vitabu hufundisha kuutambua kwa harufu tamu, lakini harufu hiyo ni ya dawa ya rejeta, na magari mengi ya huku yanatumia maji matupu. Usitegemee pua. Tazama maji ya rejeta: yakipungua bila kuvuja nje, na mapovu yakitoka injini ikizunguka, hedi ifunguliwe.

"Toa filta ya hewa na termostati, injini ipumue na ipoe."
SI KWELI, na katika yote haya ndiyo imani inayofupisha maisha ya injini kuliko nyingine.

Vumbi la barabara zetu lina chembe ngumu za mchanga. Injini isiyo na filta huzimeza, na kuta za silinda na ringi huliwa. Mgandamizo ukishuka, dizeli haina tena joto la kuwashia mafuta. Mwenye gari alitafuta nguvu na ameipoteza moja kwa moja mpaka injini ifunguliwe yote. Filta ikiziba, ipulize kutoka ndani kwenda nje, kwa upole, au nunua mpya.

Termostati nayo si kizuizi. Dizeli inayozunguka ikiwa baridi haichomi mafuta vizuri: inatoa moshi, inakula chuma, inakula mafuta. Zaidi ya hayo, termostati za injini nyingi za Toyota zina valvu ya pili inayofunga njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, maji yanazunguka bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemka zaidi ya mwanzo. Toyota yenyewe inaonya hivyo kwenye vitabu vyake vya ufundi.

"Gari likiishiwa nguvu likielekea Bunia, si ugonjwa."
KWELI.

Kisangani iko takriban mita 400 juu ya usawa wa bahari. Bunia iko zaidi ya mita 1,200, na milima ya Lubero ni juu zaidi. Kila mita 1,000 hewa hupungua kwa takriban sehemu moja katika kumi. Injini isiyo na turbo haina namna ya kufidia, na pampu ya zamani inaendelea kutoa mafuta yaleyale. Nguvu inapungua, moshi mweusi unatokea. Likishuka tena Tshopo na kupona, liache.

"Gari likiwa zito, ubovu uko kwenye injini."
SI LAZIMA.

Tope likikauka ndani ya ngoma za breki, gurudumu hufunga. Sogeza kiganja karibu na kila rimu baada ya mwendo, bila kugusa. Lenye joto kuliko mengine ndilo linalovuta gari nyuma. Na injini ikipiga kelele na kuzunguka kwa kasi huku gari haliongezi mwendo, hiyo ni klachi inayoteleza. Nozeli hazihusiki.

"Silinda iliyokufa hupatikana kwa kulegeza nati za mabomba ya nozeli."
KWELI, kwa injini za zamani.

Injini ikisimama polepole, unalegeza nati ya bomba moja kwenye nozeli, mafuta yanatoka nje badala ya kuingia. Injini ikibadilika sauti na kushuka, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Ikaze, nenda ya pili. Ile isiyoleta badiliko lolote ndiyo iliyokufa. Funga kitambaa, vaa miwani, kaa mbali na ekzosi ya moto.

Hapo kazi ndiyo inaanza, ingawa wengi huishia hapo na kununua nozeli. Hamisha nozeli ya silinda iliyokufa uiweke kwenye nzima, na nzima uiweke kwenye iliyokufa, kila moja na washa mpya. Ubovu ukihama, ni nozeli, na ipelekwe kwenye mashine ya kupimia, ambako itaonekana inafunguka kwa shinikizo gani na inanyunyiza vipi. Kuisugua kwa brashi ya waya ni kuiharibu. Ubovu ukibaki palepale, pima mgandamizo kwa geji ya dizeli. Kwa 2L na 3L injini nzima hutoa takriban kilo 32 kwa sentimita mraba, haitakiwi kushuka chini ya 20, na silinda zisipishane kwa zaidi ya 5.

Silinda moja iliyoshuka ghafla baada ya msimu wa tope inastahili swali moja kwa dereva: je, gari lilizimika ndani ya dimbwi? Maji hayabanwi. Yakivutwa kwenye silinda, pistoni hugota na mkono wake hupinda kidogo. Injini inaweza kuwaka tena na kutembea miezi, ikimisi silinda hiyohiyo, wakati watu wanabadilisha nozeli moja baada ya nyingine. Gari likizimika majini, usipige starta. Toa nozeli kwanza, zungusha kwa mkono, maji yatoke.

"Kompyuta itasema kipuri cha kubadilisha."
SI KWELI.

Kwenye D-4D kompyuta inahesabu mwendo wa krankishafti na kuona silinda inayochelewa, ndipo inaweza kuandika P0301 kwa silinda ya kwanza, na kuendelea. Inakwambia mahali, haikwambii sababu. P0087 ni shinikizo dogo la mafuta kwenye reli, yaani bomba la pamoja linalolisha nozeli zote. Mnunuzi mwenye haraka huagiza pampu, wakati filta iliyoziba huandika namba hiyohiyo, na valvu ya kudhibiti mafuta iliyokwamishwa na maji pia. Soma namba, ziandike, kisha rudi kwenye filta, mapovu na jerikeni.

"Gari jipya hupimwa kama la zamani."
SI KWELI, na hapa naomba nisikilizwe vizuri.

Nozeli ya 2L hufunguka kwa shinikizo la kati ya bar 100 na 160 hivi, na hata hilo linatosha kuumiza. Reli ya D-4D hupita bar 1,000 kwa urahisi. Ukilegeza nati ya bomba la reli injini ikizunguka, mafuta hutoka kwa mchirizi usioonekana, wenye uwezo wa kupenya glavu na ngozi. Silinda mbovu ya injini hizi hutafutwa kwa njia nyingine: unafunga mipira kwenye njia za kurudisha za nozeli zote, kila mmoja kwenye chupa yake, unaiacha injini izunguke, unalinganisha. Nozeli inayorudisha mafuta mengi mno kuliko wenzake ndiyo iliyolika. Chupa nne za maji zinatosha.

Kwa hiyo mafundi wa Makiso, Mangobo na kote njiani mpaka Bafwasende: msiguse nati za reli injini ikiwa inazunguka, wala msitafute uvujaji kwa kidole. Aliyepigwa na mafuta ya shinikizo apelekwe hospitali siku hiyohiyo na daktari aambiwe ni dizeli ya shinikizo kubwa, hata kama kidonda ni kitundu kidogo kisichouma. Ndani ya saa chache mkono unaweza kuvimba na kufa, na watu wamekatwa vidole kwa kungoja hadi kesho.